Nilinunua losheni sitini kabla sijamuuliza mtu yeyote ufuoni

Mimi ni mkazi wa Umoja, Nairobi, na ni mweka hazina wa chama cha akina mama kinachokwenda Pwani kila Desemba. Tunachanga mwaka mzima, tunakata tiketi za treni ya SGR mapema, tunakodi nyumba ya kulala watu kumi na wawili na kupika wenyewe. Hakuna kati yetu aliyesomea mambo ya bahari. Naandika kwa sababu tangu mwaka jana watu wa vyama vingine wamekuwa wakinipigia simu kuniuliza tulivyofanya ili losheni zetu za kukinga jua zisiyaongezee matumbawe mzigo, na kila mara najikuta nikisimulia makosa yaleyale, ya fedha na ya maneno. Afadhali niyaweke yote mahali pamoja.

Ilianza Desemba 2023, Mombasa. Maji yalikuwa yamekupwa, nikashuka na mtoto wa kaka yangu, wa miaka tisa, hadi kwenye vidimbwi vinavyobaki kati ya mawe. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimejipulizia losheni ya kukinga jua miguu mizima, ile ya mkebe. Nikaingia kidimbwini, maji ya magotini. Mtoto akasema, "Shangazi, maji yako yana rangi." Kuzunguka miguu yangu palikuwa na utando unaong'aa kijani na zambarau, kama ule unaouona lami ikilowa pale matatu iliposimama. Visamaki vya buluu, havizidi urefu wa kidole, vilikuwa vimejibana chini ya jiwe upande wa pili.

Mzee wa boti ya kioo, ile yenye kioo chini cha kutazamia baharini, aliyekuwa akitungoja akaniita kwa upole: "Mwanangu, hilo ulilolikanyaga si jiwe. Li hai hilo."

Nikaruka nje. Mzee alikuwa akinieleza kuhusu unyayo wangu. Mimi nilichokibeba kurudi nacho Nairobi kilikuwa ule utando wa mafuta peke yake, na ilinichukua miezi na maelfu ya shilingi kurudi kwenye alichosema.

Nilisoma usiku, watoto wakishalala. Nilijifunza kwamba tumbawe ni kundi la wanyama wadogo wenye vinywa, wanaojijengea nyumba ya chokaa, na kwamba ndani ya miili yao mna mwani mdogo mno unaowapa rangi na kuwalisha kwa nguvu ya jua. Nilisoma kuhusu Hawaii, waliopitisha sheria mwaka 2018 ya kukataza uuzaji wa losheni zenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali mbili za kukinga jua zinazohofiwa kudhuru matumbawe, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2021. Visiwa vya Palau viliwatangulia kwa mwaka mmoja na kukataza kemikali kumi. Nikakumbuka kwamba Kenya iliachana na mifuko ya plastiki Agosti 2017, na watu waliosema haiwezekani leo wanabeba vikapu. Kama mifuko iliwezekana, nilijiambia, losheni itawezekana. Mpango wangu ulikuwa mwepesi kuutamka: ninunue losheni salama kwa matumbawe kwa bei ya jumla, niende ufuo wa umma wakati wa Pasaka, niuze kwa faida ndogo na nifundishe watu.

Nikachukua mkopo wa chama. Katikati ya jiji nilinunua tubu 36 za aina moja kwa shilingi 850 kila moja, na 24 za aina nyingine kwa 1,400. Jumla 64,200. Bango moja la kitambaa na vikaratasi vikanila 5,000 nyingine. Zile za 850 zilikuwa na picha ya samaki na maneno ya Kiingereza kwamba ni rafiki wa matumbawe. Nilisoma orodha ya viambato nikitafuta majina mawili niliyoyakariri, oksibenzoni na oktinoksati. Sikuyaona. Nikalipa.

Wiki ya Pasaka 2024 nikapanda treni ya asubuhi Syokimau. Nauli ilikuwa imepanda Januari kutoka 1,000 hadi 1,500, kwa hiyo kila safari ya kwenda na kurudi ilikuwa 3,000 kabla sijala chochote. Tulikuwa tumepita Mtito Andei nilipomwonyesha tubu binti aliyeketi mbele yangu, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kumweleza yeyote atakayesikiliza. Kumbe anasomea famasia. Hakutazama samaki wa mbele. Aligeuza tubu, akaweka kucha juu ya mstari wa nne.

"Auntie, hii 'ethylhexyl methoxycinnamate' ndiyo hiyo oktinoksati. Ni jina lake lingine tu."

Akashuka mistari miwili. "Na hii 'benzophenone-3' ndiyo oksibenzoni yenyewe."

Nilimwomba arudie. Alirudia polepole, akaniandikia kwenye karatasi ya tiketi. Tubu 36 kati ya 60. Kuanzia pale hadi Miritini, kituo cha Mombasa, sikusema neno. Nilikuwa na mfuko mzito miguuni na shilingi 30,600 za akina mama wenzangu ndani yake.

Kwa hiyo hili la kwanza, kwa anayetaka kununua: maneno ya mbele ya pakiti, hata yakisema "reef safe" kwa herufi kubwa, hayana sheria inayoyasimamia. Mtengenezaji huandika atakavyo. Geuza nyuma. Ukiona "oxybenzone" au "benzophenone-3", "octinoxate" au "ethylhexyl methoxycinnamate", rudisha rafuni. Mimi huiacha pia yenye "octocrylene", iliyo katika orodha ya Palau. Unachotafuta kwenye sehemu ya viambato tendaji ni "zinc oxide" au "titanium dioxide", na pakiti iseme "non-nano", maana chembe zikisagwa kuwa ndogo kupita kiasi nazo zinaweza kuwadhuru viumbe wa majini. Ya mkebe wa kupuliza usinunue kabisa, kwa sababu sehemu yake kubwa huenda na upepo ikatua mchangani. Na nunua tubu moja kwanza. Mwonyeshe mtu wa duka la dawa kabla hujanunua ya pili.

Nilifika ufuoni na tubu 24. Nikatundika bango langu kati ya minazi miwili: MAFUTA YA JUA YANAUA BAHARI. Nusu saa haikuisha, akaja afisa mmoja kuuliza kibali changu cha kuuza na cha kutundika tangazo. Sikuwa na chochote. Nilidhani ufuo wa umma maana yake kila mtu anaweza. Alikuwa na haki, ingawa namna alivyonisemesha mbele ya watu iliniuma hadi usiku. Bango likateremshwa, siku na nusu ikapotea nikizunguka ofisini, na mwisho nikaambiwa kibali hakitoki wikendi ya sikukuu. Ningeuliza mwezi mmoja kabla ningeelezwa pia kwamba fuo nyingi zina kikundi cha BMU, yaani cha wenyeji wanaosimamia ufuo, na kwamba wavuvi na watu wa boti wa pale ndio wanaojua nani aanze kuonwa na kwa adabu gani.

Kwa kuwa sikuweza kuuza, nilikaa mchangani nikatazama. Hiyo ndiyo kazi ambayo ningeanza nayo. Akina mama wa Mombasa wanaingia majini na madera yao, yamewajaa hewa kama maputo. Vijana wana fulana na kaptura. Watoto wako kama walivyozaliwa. Wageni kutoka bara, sisi wa Nairobi na Nakuru na Thika, wengi tumejipaka mafuta yetu ya kawaida na basi. Niliowaona na losheni ya jua siku nzima niliweza kuwahesabu kwa vidole, na karibu wote walikuwa na mkebe wa kupuliza kama wangu wa Desemba. Dada mmoja aliponiuliza bei ya tubu nikamtajia 1,400, aliniangalia kwa huruma ya kweli. "Dada yangu, hiyo si ni mboga ya wiki mbili?"

Mwenzangu wa chama alikubali kujaribu. Losheni ya zinki ni nyeupe, na ngozi zetu ni nyeusi. Alijipaka uso kwa mkono mzima kama anavyojipaka kila siku, ukageuka wa kijivujivu, rangi ya majivu ya jiko. Watoto wa jirani walimcheka. Alinawa uso wote baharini kwa hasira, na siku hiyo hakutaka tena kuisikia habari yangu. Sikumlaumu. Baadaye tuligundua kwamba zipo zenye rangi ya kahawia iliyochanganywa na oksidi ya chuma, na kwamba hata ile nyeupe, ukiweka nukta ndogondogo ukazipapasa moja moja, ngozi ikiwa na unyevu kidogo, inatulia. Lakini mtu akishachekwa mara moja, umempoteza.

Siku ya mwisho nilimtafuta yule mzee wa boti ya kioo. Nilimlipa anipeleke peke yangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza akiendesha taratibu, kisha akazima injini juu ya mwamba. "Tazama chini."

Nilitarajia rangi nilizoziona Desemba. Palikuwa na weupe. Si wote, ila mabaka kwa mabaka, matawi meupe kama mifupa iliyooshwa, na mengine ya rangi ya waridi iliyofifia, yanayoelekea kuwa meupe. Nilitia mkono majini. Yalikuwa ya vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto. Mzee alisema ameyaona hivi mwaka wa 1998, na kwamba mwaka ule mengi hayakurudi. Wiki mbili baadaye, tarehe 15 Aprili 2024, wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yalikuwa yakipauka kwa joto duniani kote, kwa mara ya nne tangu mambo hayo yaanze kuandikwa. Maji yakizidi joto, tumbawe humtapika yule mwani anayelilisha. Halifi papo hapo. Linabaki na njaa, na joto likiendelea, linakufa.

Nililia botini, nasema ukweli. Nilijiona nimebeba ndoo kwenda kuzima msitu.

Mzee aliniachia kwanza, kisha akasema jambo ninalolirudia kila ninapoitwa kuzungumza. Kwamba joto hawezi kulizuia, wala mimi. Lakini tumbawe lililodhoofika kwa joto halihitaji pia kukanyagwa, kuvunjwa kumbukumbu ya kupeleka Nairobi, na kumwagiwa mafuta. Nilikuja kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wamechapisha mwaka 2022 kitu kinachokaribiana na maneno yake. Waliwachunguza viumbe wa jamii moja na matumbawe, wakaona mwili wao huigeuza oksibenzoni kuwa sumu inayoamka kwa mwanga wa jua, na kwamba mwani wa ndani hubeba sehemu ya sumu hiyo. Aliyekwisha kupauka, asiye na mwani, huumia zaidi. Wanasayansi hawajakubaliana losheni inadhuru kiasi gani baharini kwenyewe, ambako maji ni mengi, ukilinganisha na kwenye chupa za maabara. Mtu akikwambia losheni ndiyo inayoua matumbawe ya Kenya, usimwamini. Na nilikuwa nimeliandika hilo kwenye kitambaa kwa herufi nyekundu.

Kosa langu kubwa lilikuwa hilo bango, kuliko fedha. Mtu alilipiga picha kabla halijateremshwa, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mwezi wa Mei, mama mmoja wa Kariobangi alipata namba yangu akanipigia. Ana mtoto wa miaka kumi mwenye ualbino. Hupokea losheni ya bure kupitia mpango wa serikali wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefikiri sana kabla ya kupiga. "Dada, nimeona eti haya mafuta ni sumu. Nimeacha kumpaka tangu Jumatatu. Nimefanya vizuri?"

Ilikuwa Alhamisi. Nilihisi tumbo likinigeuka. Kwa mtoto huyo losheni ni dawa. Jua ndilo linaloiharibu ngozi yake, na madhara hayo yakirundikana yanaweza kuleta saratani ya ngozi. Nilimwomba ampake saa hiyohiyo, tukiwa bado kwenye simu, na nikamsikia akimwita mtoto. Jumamosi nikaenda kwake na zile tubu 36 nilizokataliwa kuzirudisha dukani. Tarehe zake zilikuwa bado, kinga yake SPF 50, na kwa mtu anayeishi Nairobi aendaye shule kwa miguu zilikuwa losheni nzuri kabisa. Aligawana na wazazi wenzake wanne. Fedha zile nimezilipa chamani kidogo kidogo hadi Februari, na sizihesabu kuwa zimepotea.

Tangu siku hiyo sitamki wala kuandika neno "sumu" wala "inaua" kuhusu losheni. Nikizungumza, naanza na ngozi ya mtu: kingeni ngozi zenu, na mwenye ualbino atumie anachopewa, kila siku, bila kuuliza bahari. Halafu ndipo naeleza jinsi ya kujikinga kwa namna itakayoyapunguzia matumbawe mzigo.

Na namna yenyewe tuliipata Gikomba. Nilikuwa nikikumbuka yale madera ya akina mama wa Mombasa. Nguo haiyeyuki majini. Kwenye mitumba, upande wa nguo za michezo, unapata fulana za mikono mirefu za kitambaa chepesi kinachokauka haraka, 150 hadi 250 ukiamka mapema siku ya kufungua mafurushi. Tulinunua 40. Ukivaa hiyo na kofia, mgongo, mabega na mikono imekwisha kufunikwa, na kinachobaki cha kupakwa ni uso, shingo, viganja na miguu. Desemba iliyofuata watu kumi na wawili tulitumia tubu tano za zinki kwa siku nne, zamani kila mtu alikuwa na mkebe wake. Mwenye 200 anaweza, na ndiye ninayemtaka, kwa sababu ndiye anayejaa kwenye ufuo wa umma.

Pia tuliacha kufundishia ufuoni. Mtu akishavua viatu na kusikia muziki, hana masikio. Tunazungumza Nairobi, kwenye kikao cha kukusanya pesa za mwisho. Tunaeleza namna ya kupaka robo saa kabla ya kuingia majini ili ikauke, na kurudia kila saa mbili na ukitoka kuogelea. Tunaangalia saa za kupwa kwa maji za siku tutakazokuwapo, kwa sababu maji yakipwa ndipo watu huingia kutembea juu ya mwamba. Saa hizo watoto wetu wanabaki mchangani au botini. Kiti cha pweza, yule mnyama mwenye umbo la nyota, haokotwi kupigwa naye picha, maana hapumui hewa kama sisi. Haya ya mwisho hayana uhusiano na losheni, na ndiyo mzee aliyonieleza siku ya kwanza kabisa.

Desemba 2024 tulikwenda Malindi badala ya Mombasa. Mbuga ya bahari ya pale, pamoja na ya Watamu, ni za tangu 1968, za kwanza nchini, na nilitaka tuone mahali palipolindwa muda mrefu. Safari hii barua yetu ya kuomba ruhusa ilitangulia wiki tano. Yule mama wa Kariobangi alikuja na mwanawe. Mtoto alikuwa na fulana ya mikono mirefu, kofia ya ukingo mpana, miwani, na pua nyeupe ya zinki, ambayo kwake haikuonekana ajabu hata kidogo. Aliganda juu ya kioo cha boti tangu tulipong'oa nanga. Nahodha akawa anamtajia samaki: pono huyo, anayetafuna mwamba kwa meno, tafi wale, changu yule wa pembeni. Mtoto alirudia kila jina.

Tukirudi, maji yalibadilika. Kaskazini ya ghuba yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yamechora mstari kabisa dhidi ya buluu. Mtoto akauliza maji yale yametoka wapi.

"Mto Sabaki," nahodha akasema. "Kaskazi ikivuma huleta huku. Nyinyi mmetoka wapi?"

"Nairobi."

"Basi yametoka kwenu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mto Nairobi unaoanzia kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, ukapita chini ya madaraja yetu, ukapita Gikomba hiyohiyo tuliponunua fulana, huingia Athi. Athi hugeuka Galana, Galana hugeuka Sabaki, na Sabaki humwagikia kaskazini mwa Malindi. Sidai kwamba losheni ninayooga Umoja inafika kule. Kinachofika na kuonekana kwa macho ni udongo, wa mashamba yaliyo wazi na kingo zilizochimbwa mchanga, na udongo ukitua juu ya tumbawe hulifunika na kulinyima mwanga. Mama wa mtoto alikuwa ameshika ukingo wa boti, akitazama ule mstari. Tuliupita, na chini ya kioo hatukuona tena kitu.

Sasa chama kina fulana 40 zinazokaa kwangu ndani ya gunia, na yeyote anayekwenda Pwani anaazima bure akirudisha zimefuliwa, tatu hazijarudi. Tubu za zinki zimebaki sita. Mwezi ujao tunaanza kupanda miti kwenye kipande cha ukingo wa mto karibu na shule anayosoma yule mtoto, baada ya kumaliza kuzungumza na chifu na wenye vioski vya pale. Safari hii nilianza na wao. Mwenye kioski cha kwanza alinishikilia saa nzima akinieleza mahali maji yanapofika mvua ikinyesha usiku, na tumesogeza mistari yetu yote juu kwa hatua ishirini.